Namba ya Fundi Saa Moja

Wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia, karibuni. Kama kuna bomba linachuruzika jikoni, lifungeni kwanza, halafu vuteni kiti. Leo hatumkumbuki waziri wala mwanamuziki. Leo tunamkumbuka fundi bomba.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wenu hamlijui, na familia imetuomba tumwite kama mlivyozoea kumwita ninyi wenyewe: Fundi Saa Moja. Ameacha mjane, binti mmoja, na vibati elfu tatu na mia moja kwenye nyumba za watu.

Hivyo vibati nitavieleza. Lakini tuanze na jina.

Siku za mwanzo, alipokuwa na begi moja la spana na baiskeli isiyo na breki, mama mmoja alimpigia simu saa kumi jioni. Maji yalikuwa yanamwagika bafuni. Fundi akamwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, saa moja nimefika." Alimaanisha kwamba safari yake haizidi saa moja. Yule mama akaelewa saa moja ya jioni. Akafunga mlango, akaenda zake kwa jirani. Fundi akafika saa kumi na moja kasoro, akakuta kufuli, na maji yanatoka chini ya mlango. Hakuondoka. Alifunga koki ya nje, akakaa kwenye ngazi, suruali imelowa, akangoja. Mama akarudi saa moja kamili. Akamkuta. Akaenda kuwaambia majirani wote, "Yule fundi ana ahadi kama saa ya ukutani! Kasema saa moja, na saa moja nimemkuta mlangoni."

Jina likaganda. Na yeye akalifanya biashara. Akaandika ubavuni mwa begi lake: BOMBA LIMEPASUKA? SAA MOJA NIMEFIKA.

Wasikilizaji wapendwa, mjane wake tulimkuta sebuleni, amezungukwa na ndugu. Marehemu alikuwa akimwita Mkurugenzi, kwa sababu ndiye aliyepanga nani aende wapi. Yeye ndiye aliyebuni vibati.

"Nilimwambia," anasema Mkurugenzi, "mume wangu, hakuna mtu anayemkumbuka fundi bomba siku bomba likiwa zima. Ukimpa kikaratasi, kesho amefungia karanga. Wewe weka namba yako pale pale patakapovuja."

Basi wakakata bati jepesi vipande vidogo, upana wa kiganja. Wakapaka rangi ya bluu. Wakaandika kwa nyeupe: FUNDI SAA MOJA, na chini yake namba ya simu. Namba moja tu. Kila alipomaliza kazi, alikifunga kibati kwa skrubu mbili ndani ya kabati la sinki, au ubavuni mwa tenki, au nyuma ya mlango wa choo. Mteja akaisahau sura yake, akalisahau hata jina lake. Lakini bomba likipasuka, akiinama kutazama, namba hiyo hapo, mbele ya pua yake.

Hata hapa kituoni, ndani ya kabati la sinki la kunawia vikombe, kipo.

Biashara ikakua. Baiskeli ikawa pikipiki, pikipiki ikawa pikapu ya mitumba. Fundi mmoja wakawa saba. Wakapanga chumba barabarani chenye benchi la wateja, rafu za viungio vya mabomba, na meza ya Mkurugenzi yenye simu moja katikati. Simu hiyo ilikuwa inalia tangu asubuhi. Binti yao, ambaye anauza vitu mtandaoni, alimwambia mara nyingi, "Baba, tufungue ukurasa. Tuweke na namba nyingine za ziada." Baba akacheka. "Mwanangu, mtu mwenye maji miguuni hana akili ya kuchagua. Mpe namba moja." Na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa sahihi.

Sasa sikilizeni vizuri. Laini ile ya simu hakuinunua yeye. Ilinunuliwa na kaka yake, dereva wa lori, kama zawadi ya kuanzia kazi. Wakati ule fundi alikuwa amepoteza kitambulisho. Kwa hiyo kaka akaiandikisha laini kwa jina lake mwenyewe. "Utabadilisha baadaye," kaka akasema. Baadaye ikawa kesho, kesho ikawa mwakani. Kaka akafariki. Miaka tisa ikapita juu ya kaburi lake, na simu ikaendelea kulia pale mezani kama kawaida.

Kisha likaja tangazo. Kila mwenye laini akahakikiwe kwa alama za vidole. Siku sitini. Asiyehakikiwa, laini itafungwa.

Fundi Saa Moja alikwenda siku ya tatu tu, asubuhi na mapema. Amenyoa, amevaa shati la kanisani. Alipanga foleni hadi saa sita. Kijana wa dirishani alimwamkia vizuri, akambonyeza kidole kwenye kile kimashine. Kikaguna. Akamfuta kidole kwa kitambaa, akambonyeza tena. Kikaguna tena. Kwanza walidhani ni ufundi, kwamba spana zimemla alama za vidole. Kijana akageukia kompyuta.

"Mzee, jina lililopo hapa si lako."

Akalisoma. Majina yote matatu. Fundi alikuwa hajasikia majina yale yakisomwa kwa mpangilio ule tangu siku ya mazishi.

"Huyo ni kaka yangu."

"Basi yeye ndiye mwenye laini. Yuko wapi?"

"Yuko mavumbini."

Kijana akaandika kitu. "Hakuna tabu, mzee. Tuna ofisi karibu kila mahali siku hizi. Aende hiyo ya huko huko, si lazima aje hapa."

Nyuma kwenye foleni mtu mmoja aliangua kicheko, kisha akajishika mdomo. Fundi hakucheka. Alisogea karibu na kioo. "Mwanangu, kaka yangu amekufa. Mnataka vidole vyake. Vidole vya kaka yangu viko kaburini. Nivilete vipi?"

Yule kijana alisimama, akaomba radhi kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya, wasikilizaji. Fundi mwenyewe alimtetea hadi mwisho. Kijana alimwita msimamizi wake, msimamizi akamwita mkubwa wake kwa simu. Jibu likawa moja. Lete barua ya mirathi kutoka mahakamani, inayosema kwamba laini ya marehemu ni haki yako.

Mjane wa kaka alitia saini siku hiyo hiyo. "Shemeji, hata ungeniambia nisaini mara mia," alimwambia. Lakini mahakama si mjane wa kaka. Faili likafunguliwa. Faili likahamishwa chumba. Karani aliyelijua akaenda likizo ya uzazi. Hakimu akahamishwa, wakasema angojewe mpya. Fundi alikuwa akienda kila Jumatatu, anakaa kwenye kibao kirefu, kofia mapajani. Mtu aliyezoea kuitwa na kukimbia, sasa anakaa kungoja kuitwa.

Binti akamshika mkono. "Baba, siku zinakwenda. Tuanze kuwatangazia watu namba mpya. Sasa hivi, kabla hawajaifunga hii."

Akamjibu, "Nikitangaza mpya, nimekubali kwamba hii imekufa."

Binti anasema jibu hilo bado analisikia anapoosha vyombo. "Ningemlazimisha," anasema. "Lakini baba yako unamlazimishaje? Nilinyamaza."

Siku ya sitini na moja, simu ikanyamaza. Mkurugenzi anakumbuka vizuri. Alidhani ni chaji. Akachomeka waya. Akaitoa betri, akairudisha. Akajipigia kwa simu yake nyingine, na sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haipatikani. Mafundi saba walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja na mabegi yao miguuni. Hakuna aliyeitwa siku ile. Wala kesho yake.

Barua ya mahakama ilitoka mwezi wa nne tangu simu inyamaze. Ina mhuri mwekundu na saini mbili. Fundi aliibeba ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, utadhani yai. Akaenda dirishani kwa yule yule kijana. Kijana akaisoma, akafurahi, akaingiza namba kwenye kompyuta. Furaha ikamwisha usoni.

"Mzee. Namba hii ameshapewa mtu."

"Mtu gani?"

"Siruhusiwi kusema. Ikikaa miezi mitatu bila mwenyewe, inarudi dukani. Kuna mtu kainunua wiki iliyopita."

"Na barua hii?"

Kijana akaitazama barua. "Barua ni nzuri, mzee," akasema. "Imechelewa tu."

Wasikilizaji wapendwa, hebu fikirini. Vibati elfu tatu na mia moja. Chini ya sinki, juu ya matenki, nyuma ya milango. Kazi ya miaka ishirini na miwili, na kila kibati sasa kinamwelekeza mteja kwa mtu asiyejua hata spana inashikwaje.

Mtu huyo tumempata. Ni mama anayeshona sare za shule, mwenye cherehani mbili na chumba chenye dirisha moja. Ameomba tusiitaje namba hewani, nanyi mtaelewa kwa nini. Alinunua laini mpya kwa ajili ya wazazi wa wanafunzi. Kabla hata hajaiweka simu mezani, ikalia.

"Mwanaume ananifokea," anasimulia. "Eti, maji yamefika kwenye godoro, ninyi mko wapi? Nikamwambia, kaka, mimi nashona. Akanitukana! Akasema, acha mchezo dada, namba imeandikwa hapa mbele yangu. Siku ile nilipokea simu kumi na nane. Moja tu ilikuwa ya sare."

Siku ya kumi hivi, ikaingia simu tofauti. Ilikuwa sauti ya mzee, taratibu. Fundi Saa Moja alikuwa amechukua simu ya binti yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaipiga namba yake mwenyewe.

"Halo, nani mwenzangu?" akauliza mshonaji.

"Mimi ndiye mwenye namba hii."

"Mwenye namba ni mimi, baba."

Kisha fundi akasema, "Ndiyo. Ni wewe. Samahani mama, nilitaka tu kusikia inavyoita."

Mshonaji anasema alikuwa amejiandaa kumkata mtu kauli, lakini akaiweka nguo chini. Akamwuliza, "Wewe ndiye yule fundi?" Akajibu, "Ndiyo mimi." Akamwambia, "Baba, watu wanakutafuta mno."

Walikutana kesho yake, wakaenda pamoja kwenye lile dirisha. Mama akasema waziwazi: mimi namrudishia mzee namba yake, mnipe nyingine. Kijana akaita msimamizi, msimamizi akafungua kanuni. Laini mpya haihamishwi jina kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kanuni imewekwa kuzuia matapeli. Mama akagonga kaunta. "Tapeli hapa ni nani? Mimi au yeye?" Hapakuwa na tapeli. Palikuwa na kanuni tu.

Basi wakangoja mwaka. Mshonaji akajitolea kupokea simu na kuzipitisha. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake la vipimo, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Ametuonyesha. Ukurasa mmoja unasema: kiuno ishirini na nne, urefu wa sketi kumi na nane, choo kinafurika ghorofa ya pili, kola ya shati kumi na tatu. Lakini mguu ukiwa kwenye cherehani simu haisikiki. Zilizopotea ni nyingi kuliko zilizopatikana. Na mwenye maji sakafuni hapigi mara ya pili.

Mafundi wakaondoka mmoja mmoja. Walikuwa na watoto. Wa mwisho kuondoka alianzisha yake. Akatengeneza vibandiko vya njano vilivyoandikwa FUNDI NUSU SAA, akawa anavibandika juu ya vile vibati vya bluu. Fundi Saa Moja alikiona cha kwanza kwenye tenki la zahanati. 

"Nusu saa!" akamwambia mkewe jioni. "Mkurugenzi, hata maji yenyewe hayafiki kwa nusu saa." Wakacheka hadi machozi. Kisha Mkurugenzi akaona kwamba mwenzake ameacha kucheka na machozi bado yanatoka.

Hapo ndipo alipokubali namba mpya. Akakata vibati vipya, akaviweka kwenye lile begi la spana, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba kubadilisha kibati kimoja kimoja. Pikapu ilikuwa imeshauzwa. Alitembea.

Kugonga mlango ambao hukuitwa ni kazi nyingine kabisa. "Nani?" "Fundi bomba." "Nani amekuita?" "Hakuna aliyeniita." "Basi, sisi hatuna shida ya bomba." Mlango unafungwa. Na kweli hawakuwa na shida ya bomba. Geti moja walimpigia kelele za mwizi, kwa sababu alijua sinki lao liko upande gani wa jiko.

Nyumba nyingine mama wa nyumba alimfungulia. Akamkumbuka, akampa kiti. Akamwambia, "Tulikupigia mwezi wa pili, fundi. Mwanamke akasema hakuna fundi pale. Tukasema, basi, amekuwa mkubwa sasa, ametuhama." Fundi akataka kueleza. Ataanzia wapi? Kwa kaka, kwa mahakama, kwa kimashine? Akasema tu, "Sijahama, mama." Akapiga magoti mbele ya kabati, akafungua skrubu mbili, akaweka kipya. Akachelewa kusimama. Mama akauliza kama anaumwa. Akasema ni magoti tu.

Binti alimwomba apumzike. Alikuwa amemfungulia ule ukurasa, na watu waliutembelea, wakaacha maneno mazuri. Lakini bomba likipasuka mtu hatafuti maneno mazuri. Anainama chini ya sinki.

Alibadilisha vibati mia mbili na sita. Mkurugenzi alikuwa akiviandika. Mia mbili na sita, kati ya elfu tatu na mia moja.

Jumanne ya wiki iliyopita aliamka kama kawaida. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mtaa wa nyuma ya soko. Mkurugenzi anasimulia mwenyewe:

"Alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za kiatu. Akaniambia, leo nitaanza na yale maghorofa, ngazi nizimalize jua halijawa kali. Nikamwambia, kunywa chai kwanza. Nikaenda kuileta. Hata dakika mbili sikumaliza. Niliporudi alikuwa bado ameinama. Nikasema, mume wangu, hiyo kamba ina nini leo? Nikaweka chai chini. Nikamgusa bega."

Daktari amesema ni moyo. Mkurugenzi anasema anayakubali maneno ya daktari. Lakini kuna neno jingine, na ameomba alitoe hapa. "Mimi ndiye niliyesema namba iwekwe kila mahali. Namba moja. Ni mimi." Ndugu zake wakamwambia asiseme hivyo. Binti akamwambia, "Mama, bila hiyo namba nisingesoma." Mkurugenzi alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa kanga aliyojifunika.

Mwaka wa laini unatimia Jumatano ijayo. Siku hiyo mshonaji ataruhusiwa kuihamisha. Amekuja msibani kuwauliza familia wanataka ihamie kwa nani. Mkurugenzi alimshukuru, akamwambia, "Dada, nikiipata nitamwita nani aende?"

Na simu bado zinaingia. Tulikaa chumbani kwa mshonaji saa moja na nusu, zikaingia tano. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja, sauti ya kutetemeka. Alimwulizia Fundi Saa Moja. Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani, akasema, "Bibi, shikamoo. Fundi amefariki." Tukasikia maji yanamwagika upande wa pili. Kisha akasema, "Jamani. Pole sana, mwanangu. Alikuwa baba yako?" Mshonaji akatutazama. Akasema, "Asante, bibi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mkurugenzi, pole. Kwa binti, pole; ulinyamaza kwa heshima, na heshima si kosa. Kwa mjane wa kaka, kwa mafundi saba, pamoja na yule wa nusu saa ambaye alikuja kuchimba kaburi na hakumpa mtu mwingine sepetu, poleni nyote. Mungu ampokee fundi wetu mahali ambapo hatalazimika kugonga.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kile unachokiita chako, duka lako, shamba lako, simu yako, kimeandikwa kwa jina la nani? Uliza leo, wakati mwenye jina bado anaweza kuinua kidole. Hatusemi kwamba ukiuliza utakuwa salama. Yeye pia aliuliza, siku ya tatu tu, amenyoa na amevaa shati la kanisani. Lakini uliza.

Na wewe ambaye bado una kibati cha bluu chini ya sinki lako. Siku bomba likipasuka, mkono wako utaipiga ile namba kabla hujakumbuka kipindi hiki. Atapokea mwanamke. Usimfokee. Msalimie kwanza, halafu mwache akwambie.